Utabiri, Makadirio na Maoteo: Istilahi za Kutazamia Teknolojia katika Mipango ya Biashara

Hivi karibuni tuliletewa tafsiri ya mpango mkakati wa kiwanda kimoja cha magunia, ili tukague istilahi zake kabla haijafikishwa kwa wajumbe wa bodi. Matini ya asili ilieleza kwamba ikiwa bei ya mafuta ya petroli itabaki chini, na ikiwa mitambo ya kufumia mifuko ya plastiki itazidi kuwa rahisi, yawezekana mifuko hiyo ikachukua zaidi ya nusu ya soko katika muda wa miaka kumi. Mfasiri aliandika: "Utabiri unaonyesha kuwa mifuko ya plastiki itachukua soko la magunia." Masharti mawili yalitoweka, muda na kiasi navyo vilitoweka. Tuliirudisha tafsiri hiyo, lakini nakala nyingine ilikwisha kufika mkutanoni. Tuliarifiwa baadaye kwamba mjumbe mmoja aliuliza ni nani aliyepiga ramli, na mwingine akapendekeza kiwanda kifungwe. Wote wawili walikuwa wameielewa sentensi sawasawa na ilivyoandikwa.

Twaona yafaa, basi, kuieleza dhana yenyewe kwanza. Mwenye kupanga biashara hutaka kujua ni ufundi gani mpya unaoweza kuja, lini, kwa gharama gani, na utafanya nini kwa bidhaa anayoiuza leo. Jibu analopewa huwa na sehemu nne: jambo, muda, kadiri ya uwezekano, na masharti. Likiondolewa mojawapo, jibu hilo halimfai tena. Taaluma hii ilikua baada ya Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1967 Erich Jantsch aliiandikia kitabu kikubwa kwa ajili ya shirika la OECD, akikusanya mbinu nyingi zilizokuwa zikitumika wakati huo.

Sasa tuyatazame maneno. *Kutabiri* asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake mojawapo ni kufasiri ndoto. Katika Kiswahili neno hili limebeba habari za manabii na wanajimu, na msikilizaji hategemei mtabiri aseme "ikiwa". Idara za hali ya hewa zimelitumia kwa miaka mingi, na umma umelizoea. Hatuna nia ya kuwanyang'anya. *Kubashiri* ni karibu na kutabiri, na asili yake ya habari njema hulifanya lisifae pale habari inapokuwa mbaya. *Makadirio* ni neno safi, lakini limekwisha kushika kazi katika bajeti: makadirio ya mapato na matumizi. Hilo ni hesabu ya kiasi, wala halisemi lolote juu ya kitu ambacho bado hakijabuniwa. *Lengo* nalo huchanganywa mara kwa mara na haya mengine, ingawa lengo ni jambo tunalolitaka sisi, na teknolojia ya mshindani haitusubiri tuitake.

Lipo neno *maoteo*, ambalo wachumi na watakwimu wa Tanzania hulitumia wanapozungumzia mwenendo wa uchumi na idadi ya watu kwa miaka ijayo. Asili yake ni *kuotea*, yaani kuvizia. Mwindaji anayeotea huzitazama nyayo, huujua msimu, huyajua maji yaliko, kisha hukaa mahali ambapo mnyama yaelekea atapita. Asipopita, mwindaji huuliza ni dalili ipi aliyoisoma vibaya. Hatulioni neno lililo karibu zaidi na dhana hii, na twapendekeza *maoteo ya teknolojia*.

Mfano ulio karibu nasi ni wa mkonge. Mwaka 1954 Giulio Natta na wenzake huko Italia walifanikiwa kutengeneza polipropilini imara, na mwaka 1957 ikaanza kuzalishwa kwa biashara. Miaka saba baadaye, 1964, uzalishaji wa mkonge wa Tanganyika ulifikia kilele cha tani 230,000 hivi. Sehemu kubwa ya nyuzi hizo ilikuwa ikienda kusokotwa kamba za kufungia majani makavu na mavuno katika mashamba ya Ulaya na Marekani, yaani kazi ileile ambayo kamba za plastiki zingeweza kuifanya. Mkonge huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kukatwa mara ya kwanza, na huendelea kukatwa kwa miaka mingi baadaye. Kwa hiyo aliyepanda mwaka 1960 alikuwa amejifunga na soko la mwaka 1970, apende asipende. Bei zilianza kuporomoka baada ya 1964, na miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000. Sababu zilikuwa nyingi, na hatusemi kwamba plastiki peke yake ilifanya yote hayo.

Lakini maoteo ya "plastiki itaua mkonge" yangekuwa na kasoro. Plastiki hutokana na petroli, na bei ya petroli ilipopanda takriban mara nne kati ya 1973 na 1974, bei ya mkonge nayo iliruka juu kabla ya kushuka tena. Sharti lililokuwa limefichika ndilo lililoamua. Wapangaji wa kampuni ya Royal Dutch/Shell, ambao Pierre Wack alikuwa miongoni mwa viongozi wao, walikuwa wakifanya kazi kwa njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970: waliwaandalia wakurugenzi picha kadhaa za wakati ujao, mojawapo ikiwa ya mafuta kupanda ghafla, badala ya tarakimu moja. Picha hizo wengine huziita *mandhari*, neno ambalo kwetu ni la milima na mabonde. Twapendelea *taswira*, tena kwa wingi daima, kwa kuwa taswira moja pekee hurudi kuwa utabiri.

Ipo pia mbinu iliyobuniwa katika shirika la RAND la Marekani, ambamo wataalamu huulizwa maoni yao kwa siri, huonyeshwa majibu ya jumla bila majina, kisha huulizwa tena, na wale walio mbali na wenzao hutakiwa kutoa sababu. Waliipa jina la Delphi, mahali pa mizimu ya kuagulia katika Ugiriki ya kale. Kwa mtu anayepigana na ramli, jina hilo ni mzigo. Mfasiri asilifasiri, aandike *mbinu ya Delphi* na kuongeza, mara ya kwanza, *mashauri ya siri ya wataalamu kwa mizunguko*.

Hata istilahi ikiwa sahihi, kitenzi chaweza kuiharibu. Kiambishi *-ta-* kikisimama peke yake husikika kama ahadi. Kiambishi *-nge-* nacho hudokeza kwamba jambo haliaminiki, na wafasiri wengi hukikimbilia wakidhani kinaonyesha tahadhari. Sharti lililo wazi kwa pande zote huonyeshwa kwa *-ki-*, *ikiwa* au *endapo*, na uwezekano kwa *huenda* pamoja na *-ka-*. Walimu wa sekondari wangefanya vyema kuwapa wanafunzi sentensi hizi tatu na kuwauliza wangewekeza fedha kwa ipi: "plastiki itashinda", "plastiki ingeshinda", "petroli ikibaki rahisi, huenda plastiki ikashinda".

Sentensi ya kiwanda tuliiandika upya hivi: "Kwa mujibu wa maoteo ya teknolojia, bei ya petroli ikibaki chini na mitambo ikizidi kuwa rahisi, huenda mifuko ya plastiki ikachukua zaidi ya nusu ya soko katika muda wa miaka kumi." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, nasi hatuoni njia ya kuifupisha.

Limebaki jina la mtu afanyaye kazi hiyo. *Mwoteaji* limepingwa na baadhi ya wenzetu, kwa sababu mpenzi wa kandanda akilisikia humwona mshambuliaji akiinuliwa kibendera. Wanaopendelea *mchambuzi wa maoteo* wana hoja, ingawa hilo ni la maneno matatu. Wasomaji wenye sentensi halisi kutoka ofisini au darasani watuletee, pamoja na matini ya asili.