Kitabu cha Pili cha Mji Uleule

Msomaji amalizaye Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kutiwa katika Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, huachwa na kijana Yusuf akikimbia kuufuata msafara wa askari wa Kijerumani, wala haambiwi kama alifika au alikutana na nini huko. Tangu mwaka ule wa 1994 ilipita miaka 26 kabla ya mwandishi huyu, mzaliwa wa Unguja aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, kuitoa Afterlives. Na ijapokuwa Yusuf hatajwi ndani yake, yumo Hamza, kijana mwingine aliyewekwa rehani, kama Yusuf, kwa tajiri kwa ajili ya deni la wazazi, aliyejiandikisha kwa hiari yake katika jeshi la Wajerumani. Kwa sababu hiyo wasomaji wengi, nami nikiwa mmoja wao, hukichukua kitabu hiki kuwa ni ndugu mdogo wa kile.

Mji wa riwaya ni mdogo, uko pwani, na jina lake limefichwa. Asomaye akiwa Kilwa Masoko hahitaji ramani, maana safari fupi tu kuelekea kaskazini humfikisha Kivinje, ambako Hassan bin Omari Makunganya, aliyeupinga utawala wa Wajerumani, alinyongwa nao mwaka 1895, na bara ya hapo ni vilima vya Umatumbi, ambako watu wa Nandete waling'oa pamba ya serikali mnamo Julai 1905, vita vya Maji Maji vikaanza.

Aghalabu tunapolitaja neno ubaguzi twaiona bakora ya mzungu, na bakora hiyo imo tele katika Afterlives. Lakini Gurnah ana jicho la kuona jambo zito zaidi. Afisa mmoja wa Kijerumani ampenda Hamza, amfundisha Kijerumani na kumwambia kuwa siku moja atamsoma mshairi Schiller, na mapenzi yale ni ya mtu aliyejipatia kasuku: hufurahia kumsikia akisema, wala hafikirii kuwa anacho cha kusema. Sajini aliye chini ya afisa, kwa kuichukia hiyo hiyo huba, amkata Hamza kwa upanga na kumwacha kiguru. Kati ya upole wa mmoja na ukatili wa mwenziwe, nadhani upole ndio umdhalilishao zaidi.

Na arudipo mjini akichechemea, ni nani ampokeaye kwa dharau? Ni Bi Asha, mwanamke wa nyumba ya heshima, amwonaye fukara asiye na asili. Afiya, binti atakayekuwa mkewe, alikwisha kuvunjwa mkono na mlezi wake shambani kwa kosa la kujua kuandika. Katika Peponi vilevile wafanyabiashara wa pwani wawaita watu wa bara washenzi bila kupepesa macho. Wamarekani walipata mshituko wa namna hii mwaka 2015, kilipochapishwa kitabu cha pili cha Harper Lee, ambamo Atticus, wakili mwadilifu wa riwaya yake ya mwaka 1960, akutwa na binti yake katika kikao cha wazungu wanaopinga haki za watu weusi. Wasomaji wengine walikasirika kana kwamba wameibiwa baba. Sisi watu wa pwani hatuna Atticus wa kuibiwa, ila tuna uungwana, na Gurnah hakuustahi.

Mtu anisumbuaye zaidi ni Ilyas, kaka yake Afiya. Huyu alisomeshwa misheni, na barazani, wenzake wasimuliapo vitanzi na njaa, yeye huwatetea Wajerumani. Kisha aenda kuwapigania, na mwisho wake ni kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen, Ujerumani, baada ya kukamatwa kwa kuwa na mwanamke wa Kijerumani. Jambo hili si ndoto ya mtunzi. Mahjub bin Adam, ajulikanaye pia kwa jina la Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1904 aliyekuwa askari tangu utotoni, alikufa katika kambi hiyo hiyo mwaka 1944.

Kitabu kina ila yake. Baada ya hadithi kutembea kwa makini kurasa nyingi, sehemu ya mwisho yapiga mbio, ikiruka miaka mingi kwa kurasa chache, na khatima ya Ilyas twaipata kwa muhtasari, kama taarifa ya ofisi. Mimi ningependa kumfuata mwenyewe huko Ujerumani, nimsikie akiwatetea Wajerumani mpaka siku ya kukamatwa.