Mwenye Mbegu Ndiye Mwenye Bwawa

Mfugaji wa mjini huenda kwa wakala, akanunua vifaranga mia moja wa kuku wa nyama, akawalea kwa wiki tano au sita, akawauza, kisha hana budi kurudi kwa wakala yule yule kununua mia nyingine. Hata awe hodari namna gani, hawezi kujitotoleshea kuku wa namna ile ile bandani mwake. Maana kuku yule ni mchanganyiko wa koo kadhaa, na akizaa, wanawe hawamfuati. Koo zenyewe zimehifadhiwa mbali, na makampuni mawili, Aviagen na Cobb-Vantress, ndiyo yanayotoa sehemu kubwa ya mbegu ya kuku wa nyama duniani. Mfugaji wetu amenunua kuku. Mbegu hakuinunua, wala haiuzwi.

Twaanza na habari hii ya banda la kuku kwa sababu elimu mpya imekwisha kupiga hodi katika mabanda na mabwawa ya dunia, nayo yahusu mbegu hiyo hiyo. Elimu hiyo ni ile ya kuhariri jeni. Wako wanaoiogopa kama uchawi, na wako wanaoishangilia kama mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Sisi twaona kwamba yatupasa kuielewa kwanza, ndipo tuulize swali moja: je, itakuwa mali ya nani?

MKASI MPYA

Kila kiumbe hubeba ndani ya chembe za mwili wake maandishi ya urithi wake, na kila fungu la maandishi hayo huitwa jeni. Wazee wetu waliyabadili bila kuyaona. Waliacha jogoo mkubwa apande, wakamchinja aliye dhaifu, na kizazi baada ya kizazi kuku wakawa bora. Kazi hiyo ilikuwa njema, lakini ilikwenda kwa mwendo wa kobe.

Mwaka 1989 wataalamu wa Kanada walichukua njia nyingine. Walimpachika samaki aina ya samoni jeni ya samaki mwingine, akakua upesi kuliko kawaida. Marekani haikutoa ruhusa ya kuliwa kwake mpaka mwaka 2015, na Desemba 2024 kampuni iliyomfuga ilitangaza kuacha kazi hiyo. Hapo twajifunza kwamba maabara peke yake haitoshi kumpeleka samaki mezani.

Kuhariri ni jambo tofauti. Mwaka 2012 Bibi Jennifer Doudna wa Marekani na Bibi Emmanuelle Charpentier wa Ufaransa walieleza namna ya kutumia mkasi mdogo sana, uliotoka kwa bakteria, unaoweza kuelekezwa mahali maalumu katika maandishi ya urithi na kukata hapo tu. Kwa kazi hiyo walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2020. Kwa mkasi huo mtaalamu aweza kuzima jeni moja bila kuleta kitu cha kiumbe mwingine.

Kwa samaki kazi hii ni nyepesi, kwa kuwa samaki hutaga mayai mengi nje ya mwili, na mtaalamu huweza kulichoma yai kwa sindano nyembamba lingali chembe moja. Wajapani walitangulia. Mwaka 2021 waliruhusu kuuzwa kwa samaki mwekundu aitwaye madai, anayefanana na changu wetu, ambaye jeni inayozuia misuli kukua ilizimwa, akawa na minofu mingi zaidi. Mwaka huo huo wakamruhusu bunju ambaye jeni inayohusika na kumwambia kwamba ameshiba iliharibiwa makusudi; naye hula na kunenepa upesi.

KUKU WA ROSLIN

Kwa kuku kazi ni ngumu. Yai linapotagwa, kiini chake kimekwisha gawanyika kuwa maelfu ya chembe, na mkasi umechelewa. Kwa hiyo mabingwa huchukua chembe za uzazi kutoka katika kijusi cha kifaranga, wakazihariri katika chombo, wakazirudisha katika yai jingine. Kifaranga anayeanguliwa humo hukua, akazaa, na watoto wake ndio wanaobeba badiliko.

Kwa njia hiyo mabingwa wa taasisi ya Roslin karibu na Edinburgh, mahali pale pale alipozaliwa kondoo Dolly mwaka 1996, wakishirikiana na wenzao wa London, waligusa jeni ambayo virusi vya mafua ya ndege huitegemea ili kuzaana. Ugonjwa huo si mchezo: tangu mwaka 2022 Marekani peke yake imepoteza kuku na ndege wengine wafugwao zaidi ya milioni 150, waliokufa au kuuawa ili kuuzuia usienee. Matokeo ya Roslin yalitangazwa Oktoba 2023. Kati ya kuku kumi waliohaririwa na kukutanishwa na virusi kwa kiasi cha kawaida, tisa hawakuambukizwa.

Habari njema hiyo ina upande wa pili. Virusi vilipoongezwa mara elfu moja, kuku watano kati ya kumi waliambukizwa, na virusi vyenyewe vikabadilika vikatafuta mlango mwingine. Mabingwa hao hawakuficha. Walisema wazi kwamba yaelekea hapana budi kuhariri jeni tatu, si moja, na kazi haijakwisha. Twawasifu kwa ukweli huo. Mtu atakayekuja kesho kumwambia mfugaji wetu kwamba anaye kuku asiyeugua kamwe, na aulizwe habari ya wale watano.

SAFARI YA SATO

Sasa turudi kwa swali letu la mwenye mali, na sato atatujibu. Samaki huyu ni wa Afrika. Mwaka 1988 wataalamu wa shirika la kimataifa ambalo leo huitwa WorldFish, pamoja na wenzao wa Ufilipino na Norway, walianza kukusanya sato wa porini kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal, wakawachanganya na sato waliokuwa wakifugwa Asia. Wakachagua wakubwa, wakawazalisha, wakachagua tena. Hapakuwa na mkasi wa jeni. Palikuwa na vipimo, daftari na subira. Kila kizazi kilikizidi kilichotangulia kwa ukuaji wa kiasi cha asilimia 12 hadi 17. Samaki huyo akaitwa GIFT, naye ameshibisha watu wengi katika Asia.

Hatusemi kwamba aliibwa. Kazi ilifanywa hadharani, na ilikuwa kazi ya heri. Lakini yatazameni yaliyofuata. Mwaka 1999 kampuni ya Norway, GenoMar, ilipata haki za kibiashara juu ya ukoo wa samaki huyo. Baadaye GenoMar ikanunuliwa na EW Group ya Ujerumani, ambayo ndiyo mwenye Aviagen, ile ile ya vifaranga tuliyoitaja mwanzo. Hivyo mbegu ya kuku na mbegu ya sato zimekutana katika nyumba moja, wala nyumba hiyo haiko ukingoni mwa ziwa lolote la Afrika.

Wakati sato walipokusanywa hapakuwa na sheria ya mataifa iliyouliza nani alitoa mbegu na nani agawiwe faida. Mkataba wa viumbe hai ulikuja mwaka 1992, na Itifaki ya Nagoya ya kugawana faida ikapitishwa mwaka 2010. Leo sheria ipo. Asiyeitumia asimlaumu jirani.

Na kuna deni jingine tunalodaiwa na maziwa yetu. Katika miaka ya 1950 sato aliletwa katika ziwa Victoria kutoka nje, na sangara naye akaingizwa. Ngege, aliyekuwa samaki wa ziwa lile tangu zamani, akapungua mno. Wavuvi vijana wengi hawajamtia nyavuni. Tena katika mito na mabwawa kadhaa ya Tanzania sato ameonekana akichanganya damu na perege wa asili. Ikiwa samaki wa kawaida aliyeponyoka ameleta mabadiliko haya, yule aliyehaririwa akue upesi hafai kutiwa bwawani bila ulinzi. Hata wenye GIFT kwa miaka mingi walikataa kumrudisha Afrika kwa kuhofia mbegu za asili. Msimamo huo ulilegezwa mwaka 2007. Wataalamu wanajitahidi kuhariri samaki awe tasa, ili hata akitoroka asizae. Ni ulinzi mzuri, lakini fikirini: samaki tasa humlinda ziwani mwenye perege, na humlinda dukani mwenye kuuza vifaranga. Mfugaji atarudi kwa wakala kila msimu, kama yule wa kuku.

YATUPASAYO

Basi tufanye nini? Kufunga mlango hakufai. Mafua ya ndege hayaombi ruhusa mpakani, na mtoto anayekosa protini hashibi kwa hofu zetu. Kuupokea kila mzigo kwa macho yaliyofumbwa hakufai pia.

Kwanza, tuzitunze mbegu tulizo nazo. Kuku wa kienyeji anayejitafutia chakula uani, na perege wa mito yetu, wamebeba jeni ambazo hazimo katika kuku wala samaki wa kiwandani. Wataalamu wa Roslin na wa taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI iliyoko Nairobi wameshirikiana kuhifadhi katika baridi kali chembe za uzazi za kuku wa kienyeji wa Afrika. Hiyo ni ghala ya mbegu, na ufunguo wake lazima uwe pia mikononi mwa Waafrika.

Pili, tuwe na vijana wanaoujua mkasi huu, na maabara za umma ambamo mfugaji mdogo ndiye anayetajwa kwanza. Tatu, tuwe na sheria kabla mzigo haujafika bandarini. Nigeria ilitoa mwongozo wake wa kuhariri jeni mwaka 2020, na Kenya mwaka 2022. Nne, vyama vya ushirika vya wavuvi na wafugaji viketi mezani mambo haya yanapoamuliwa, visije vikaitwa siku ya kulipa tu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Elimu hii ni mgeni mwenye dawa mkobani, nasi twamkaribisha. Lakini mgeni hukaribishwa na mwenye nyumba. Na katika kufuga, mwenye nyumba ni yule aliyeshika mbegu.