Kwelea, Chaza na Swali la Kidato cha Tatu

Wanachuo mliokwenda BTP mnajua, swali gumu haliji siku mkaguzi amekaa nyuma ya darasa. Linakuja siku umejiachia. Mimi lilinikuta Bahi, kidato cha tatu. Nimechora chaza ubaoni, binti mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, hicho ni mnyama au jiwe?" Darasa likacheka. Nikasema mnyama, basi. Jina la Kiingereza la kundi lake wote waliliandika bila kukosea, ila hakuna aliyewahi kuona bahari.

Kipindi kilichofuata nikaanza na wanayemjua: kwelea. Nusu ya darasa wamewahi kuamia ndege kwenye mtama. Kwelea ana gramu 20 hivi, na kwa siku hula kama gramu 10 za nafaka. Tukapiga hesabu: kundi la ndege milioni moja, tani 10 zimekwenda kabla ya magharibi. Hapo hakuna aliyesinzia.

Chaza lulu wa Unguja, yule ambaye kina mama wa Fumba humfuga wapate lulu, hana hata kichwa. Anajishikiza mwambani kwa nyuzi, anavuta maji na kuchuja vijimea vidogo mno. Hali mtama wa mtu. Lakini ana moyo, ana tumbo, ana matamvua kama samaki.

Kwelea hutaga mayai matatu hivi na kuyaatamia siku 10 hadi 12. Chaza jike humwaga mayai kwa mamilioni majini, akayaacha yaliwe yatakayoliwa. Tena wengi huanza maisha wakiwa dume, baadaye baadhi hugeuka jike. (Niliposema hilo, ilibidi nigonge meza.)

Mwisho nikatia kwenye siki ganda la yai la kuku, maana mayai ya kwelea yako juu kwenye miiba, na kipande cha ganda la chaza nilichoazima kwa mwenzangu wa hosteli, Mzanzibari. Yote mawili yakatoa povu: ni kalisiamu kaboneti ileile.

Yule binti akanyoosha mkono tena. "Akifunguliwa anaumia?"

Nikamwambia hana ubongo, ana vifundo vya neva tu, ila ukimgusa hujifunga.

"Basi anasikia," akasema, na akaandika hivyo kwenye daftari.