Daktari Mwanafunzi Atasemea Wapi?

Mwaka 2016, Hospitali ya North Middlesex, kaskazini mwa London, ilipewa onyo la kumkosesha mkurugenzi usingizi. Baraza la Udaktari la Uingereza, GMC, lilisema madaktari walio mafunzoni katika idara ya dharura walikuwa wakiachwa usiku bila mabingwa wa kutosha wa kuwasimamia. Mambo yasiporekebishwa, wangeondolewa. Na wakiondolewa wao, idara ingebaki na nani?

Mgonjwa anayefikishwa hospitali ya kufundishia saa nane za usiku, iwe London, Nairobi au Dar es Salaam, ni nadra kupokewa na bingwa. Humkuta daktari mwenye shahada na leseni, ambaye sasa anasomea upasuaji, uzazi au magonjwa ya watoto huku akipiga zamu. Ni mwanafunzi, ni mfanyakazi, na kwa saa hizo wodi ni yake.

Kila mwaka GMC huwapelekea madaktari hawa dodoso. Je, usiku una wa kumpigia simu? Kazi inakulemea? Mafunzo uliyoahidiwa unayapata? Majibu hulinganishwa kituo kwa kituo na matokeo hutangazwa. Tatizo ni kwamba dodoso huja mara moja tu kwa mwaka, na daktari wa mafunzo hakai kituo kimoja; huhamishwa. Hadi matokeo yatoke, huenda amekwisha kupangiwa hospitali nyingine.

Njia ya pili ya kusema ina meno zaidi. Ililetwa na mkataba wa kazi wa 2016, uliozaliwa katikati ya migomo ambayo madaktari hao hawakuwa wameifanya tangu 1975. Tuseme zamu inaisha saa kumi na moja jioni, lakini mgonjwa amezidiwa na hakuna wa kumkabidhi. Daktari anatoka saa mbili usiku. Anaingia kwenye mfumo wa kompyuta na kuandika. Akivutwa wodini kuziba pengo siku aliyopaswa kuwa chumba cha upasuaji akijifunza, hilo nalo anaandika. Kila hospitali ina mtu aliyekabidhiwa jukumu la kulinda saa za kazi. Ikidhihirika kwamba mtu amefanya kazi zaidi ya saa 72 ndani ya siku saba, idara hutozwa faini. Sehemu analipwa daktari mwenyewe. Inayobaki huingia katika mfuko wa pamoja wa madaktari wa mafunzo, na baraza lao hushiriki kuamua itumikeje.

Kwenye karatasi, mambo safi. Lakini taarifa hiyo ilikuwa ikimfikia kwanza bingwa anayemsimamia daktari masomo, yule yule anayetia saini maendeleo yake. Wengi walinyamaza wasije wakaonekana wazembe. Ndiyo maana marekebisho yaliyokubaliwa mwaka 2025 yanamtoa bingwa huyo katika taarifa za saa za ziada. Zinapelekwa kwa maofisa wa utumishi.

Marekani huko, kamati ya kutathmini kila programu ya ubingwa lazima iwe na angalau mwanafunzi mmoja. Kiti anacho, ila kusema ukweli kuna hatari yake: programu ikinyang'anywa ithibati, wa kwanza kutafuta pa kwenda ni yeye. Programu hufa hata kwa sababu nyingine: Hospitali ya Hahnemann ya Philadelphia ilipofungwa mwaka 2019 kwa kufilisika, madaktari wa mafunzo zaidi ya 500 walilazimika kutafuta nafasi kwingine.

Kenya, sauti inayosikika zaidi ni ya mgomo. Ule uliomalizika Machi 2017 ulidumu siku 100. Wa 2024 ulidumu siku 56, na kiini chake kimojawapo kilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi. Makubaliano ya 2017 yaliwapa shilingi 206,000 kwa mwezi, lakini kufikia 2024 serikali ilitaka kuwapa 70,000. Mgomo unaweza kudai fedha hizo. Kudai kwa mgomo kwamba bingwa apite wodini kila asubuhi na kufundisha kando ya kitanda, hilo ni gumu mno, na hakuna chama kitakachofunga hospitali kwa ajili yake. Hapo ndipo dodoso na taarifa za zamu zingefaa, hasa kwa wale wanaosomea ubingwa kwa karo ya mfukoni mwao huku wakikesha na wagonjwa. Mtu anayelipia mafunzo ana haki ya kuulizwa, angalau kila muhula, amefundishwa nini na nani.