Polarizesheni ya duara katika upokeaji wa setilaiti
Polarizesheni ya duara ni hali ya wimbi la redio ambalo uga wake wa umeme huzunguka linaposafiri, ama kulia ama kushoto. Setilaiti ya hali ya hewa ya Urusi Meteor-M N2-3, iliyorushwa mwaka 2023, hutuma picha kwa mzunguko wa kulia, karibu na megahezi 137.9. Antena ya springi yenye msokoto wa kushoto haipati karibu chochote. Nyaya mbili zilizonyooka, kila moja sentimita 53 hivi, zikitandazwa kama herufi V, hupata nusu ya nguvu. Kwa mwanafunzi inatosha. Jijini Mbeya kikwazo kikubwa zaidi ni mlima Loleza, unaoficha setilaiti inayotokea kaskazini mpaka ipande juu. Iringa, mwamba wa Gangilonga hufungua upeo. Setilaiti za Marekani NOAA 15, 18 na 19, zilizokuwa rahisi kwa wanaoanza, zilizimwa 2025.