Binti Aliyeanguka Mstarini

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunataka kuwaeleza habari za siku moja ya mwanafunzi wa sekondari. Si siku ya mtihani wala ya sherehe. Ni siku ya kawaida, na tuliijua kwa sababu ilimfikisha hospitalini.

Ilikuwa Alhamisi, katikati ya muhula wa kwanza. Bodaboda ilisimama mbele ya jengo la wagonjwa wa nje. Kati ya dereva na mwalimu alikaa msichana wa Kidato cha Pili, kichwa chake kimelala mgongoni mwa dereva. Alikuwa ameanguka mstarini bendera ikipandishwa. Mwalimu alitueleza kwamba baadhi ya wanafunzi walisema ni malaria, na wengine wakanong'ona kuwa ni mapepo, kwa kuwa juma lililotangulia mwingine alianguka mahali palepale.

Tulimpima malaria, hakuwa nayo. Tulimpima choo, hakikuwa na minyoo. Lakini tulipoitazama kope yake ya chini kwa ndani, ilikuwa imepauka, na viganja vyake vilikuwa vyeupe. Wingi wa damu ulikuwa gramu 8.4. Kwa msichana wa umri wake hautakiwi kuwa chini ya 12.

Kisha tukafungua daftari lake la matibabu, na hapo tukaona aibu. Alikuwa amekuja kwetu mara mbili katika miezi miwili: kichwa kinauma, macho yanaona giza, moyo unakwenda mbio akipanda mlima. Mara zote mbili tulimpima malaria tu, tukamwandikia dawa ya maumivu na neno moja: "Apumzike." Apumzike saa ngapi, hatukumwuliza.

Safari hii tulivuta kiti tukakaa. Tukamwambia, "Mwanangu, tusimulie siku yako ya jana, tangu ulipoamka mpaka ulipolala."

"Ni siku ya kawaida tu, sista," akajibu.

Siku ya kawaida

Aliamka saa 10:30 alfajiri. Alifagia, akaosha vyombo vya usiku, akashuka bondeni kuteka maji ndoo moja na kupanda nayo. Saa 12 kasoro akavaa sare, akatoka. Hakunywa chai, kwa kuwa moto ulikuwa haujawashwa, na akichelewa ataadhibiwa.

Wasomaji wetu wa huku mnajua giza la saa hiyo. Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, ziko magharibi kabisa mwa nchi, lakini saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam. Jua hutufikia kama nusu saa baada ya kuwafikia watu wa pwani, karibu na saa 1 asubuhi. Kengele ya shule hailingoji. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anayetoka mbali hutembea gizani, katika ukungu na baridi ya milima, na nyumbani hakuna aliyemwona usoni kujua kama amepauka au la.

Alitembea saa moja na robo. Alipofika alishika ufagio, maana kila darasa lina eneo lake la usafi. Saa 1:30 mstari, kisha vipindi. Wakati wa mapumziko wenye fedha walinunua maandazi. Yeye alikunywa maji. Mchana makande yaligawiwa kwa wale ambao wazazi wao wametoa mchango. Wazazi wake walikuwa hawajatoa, basi akabaki darasani na kitabu. Baada ya vipindi kulikuwa na masomo ya ziada. Alirudi nyumbani saa 11:30 jioni.

Hapo ndipo siku ya pili ilipoanza ndani ya ile ya kwanza: kuni, kumenya ndizi, kumwogesha mdogo wake, kupika. Chakula kilikuwa tayari saa 3 usiku, ndizi na maharage, na chai ya rangi ya kushushia. Akawasha taa ya sola, akasoma mpaka saa 5, akalala.

Hesabu mbili

Tulichukua kalamu tukafanya naye hesabu mbili, na tunawaomba wazazi wote wazifanye kwa watoto wao leo jioni.

Hesabu ya kwanza: tangu mlo wa mwisho mpaka mlo unaofuata ni saa ngapi? Kwa binti huyu ni tangu saa 3 usiku hadi saa 3 usiku ya kesho yake. Ni mlo mmoja kwa saa 24, kazi na safari zote zikiwa humo.

Hesabu ya pili: tangu kulala mpaka kuamka ni saa ngapi? Kwake ni saa tano na nusu. Kijana wa umri wa sekondari anahitaji saa nane hadi kumi, kwa sababu mwili wake bado unakua.

Hesabu hizi zilitueleza kilichokuwa hakijaandikwa katika daftari lake. Ubongo peke yake hutumia karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zote za mwili. Anayekaa njaa mchana kutwa na kulala kidogo husinzia, husahau, na huwa mkali kwa wenzake. Mwalimu humwona mvivu. Mzazi huona ripoti mbaya akasema mtoto hana akili. Naye mtoto mwenyewe huanza kuamini hivyo.

Damu nayo ina habari yake. Msichana aliyevunja ungo hupoteza damu kila mwezi, hivyo anahitaji madini ya chuma kuliko kaka yake. Tulipomwuliza binti yetu, kwa sauti ya chini alisema hedhi yake huchukua siku tisa, na hajawahi kumwambia mtu. Ndizi, chakula chetu tunachokipenda, hushibisha na kutia nguvu, lakini ina chuma kidogo. Maharage yanacho, ila chai au kahawa ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma hicho kuingia mwilini. Ndivyo damu ilivyopungua polepole, hadi siku aliposimama muda mrefu mstarini bila kitu tumboni.

Wazazi tufanye nini?

Mama yake alipofika, jioni ya siku ile, alilia. "Sista, mnadhani namnyima? Kahawa yetu huvunwa katikati ya mwaka, na shule hufunguliwa Januari. Fedha ya mchango ningeitoa wapi?" Hatukuwa na neno la kumlaumu. Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 shule za kutwa za serikali hazitozi ada hadi Kidato cha Nne, lakini chakula cha mchana kimebaki mikononi mwa wazazi. Ni kweli pia kwamba shule za kata, zilizoenea tangu mwaka 2006, zimewaletea watoto wetu sekondari jirani, lakini kwa kitongoji cha mwisho cha kata "jirani" bado ni mwendo mrefu.

Tulikaa naye tukatafuta yanayowezekana:

1. Kiamsha kinywa. Si lazima mkate. Viazi vitamu au mihogo iliyochemshwa tangu jioni yatosha. Kiporo cha ndizi na maharage chafaa pia, ila kihifadhiwe mahali pa baridi na kipashwe moto hadi kichemke. Mwenye nafasi apike uji na kuutia unga wa karanga.

2. Cha mfukoni. Ndizi mbivu mbili, parachichi, au karanga za kukaanga zilizofungwa katika karatasi. Vitu hivi vimo mashambani mwetu.

3. Mchango kwa mazao. Mwezi Januari fedha haimo nyumbani, lakini maharage ya vuli mara nyingi yamo. Mzazi aende kwa mkuu wa shule aulize kama debe la maharage au la mahindi litapokewa badala ya fedha. Shule nyingi hukubali. Kama haikubali, jambo hili lipelekwe katika kikao cha wazazi. Wanajumuiya nao wanaweza kwenda pamoja, maana sauti ya mzazi mmoja ni nyepesi.

4. Chai isubiri. Inywewe saa moja baada ya chakula. Pamoja na maharage, mboga za majani na dagaa, mtoto ale pera, chungwa, papai au nyanya. Matunda hayo husaidia chuma kuingia mwilini.

5. Kazi zigawanywe. Binti huyu ana kaka wa miaka 16 ambaye alikuwa akiamka saa 12. Tulimwuliza mama, ndoo ya maji ina jinsia? Alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kila nusu saa anayopunguziwa binti jioni au alfajiri ni nusu saa ya usingizi.

6. Akina mama, zungumzeni na mabinti kuhusu hedhi. Ikizidi siku saba, au pedi au kitambaa kikilowa kabla ya saa mbili kupita, aletwe kituo cha afya. Hilo ni jambo la kutibiwa.

Tunawakumbusha pia wale ambao watoto wao wamepanga vyumba karibu na shule, yale wanayoyaita mageto. Mtoto huyo haoni giza la njiani, lakini hesabu zake mbili hakuna anayezifanya. Mpelekee chakula, si fedha tu, na ukamtembelee siku asiyokutarajia.

Akianguka mtoto

Mlaze chini palepale, miguu iinuliwe kidogo, ulegeze kola na mkanda. Wenzake wasogee apate hewa. Usimmwagie maji, usimtie kitu mdomoni kabla hajaamka kabisa. Akiamka asisimame haraka. Akae kwanza, apewe uji au maji yenye sukari. Asipozinduka baada ya dakika moja, au akiwa na homa, degedege, kuhema sana au maumivu ya kifua, akimbizwe kituo cha afya. Anayeanguka mara kwa mara naye aletwe hata kama ameamka vizuri. Kupungukiwa damu kuna sababu nyingi: malaria, minyoo, seli mundu na nyinginezo. Asipewe vidonge vya damu kwa kubahatisha.

Na kwa habari ya mapepo: hatuwacheki wanaoogopa. Mtoto anapoanguka, hofu huwashika wote, na hofu yenyewe yaweza kuwaangusha wengine. Aombewe, lakini apimwe, na aulizwe amekula nini.

Binti yetu alipewa vidonge vya kuongeza damu pamoja na dawa ya kupunguza hedhi. Tulimweleza kwamba vidonge hufanya choo kuwa cheusi, asiogope, na kwamba avifiche mbali na mdogo wake, maana mtoto mdogo akivimeza vingi vyaweza kumwua. Baada ya miezi mitatu damu yake ilikuwa 11.6. Bado tunamfuatilia. Kaka yake ndiye anayeteka maji ya alfajiri, ingawa mama anasema hunung'unika.

Sisi nasi tumebadilika. Siku hizi mwanafunzi akija kwetu na kichwa kinachouma, tunampima malaria kama kawaida. Lakini kabla hatujaandika neno "apumzike", tunavuta kiti na kumwuliza: jana ulikula saa ngapi, na ulilala saa ngapi?

Nanyi wazazi, kuanzia Kihanga na Nyaishozi hadi Nkwenda na Murongo, swali hilo mwaweza kumwuliza mtoto jioni hii bila kupanga foleni. Msikilizeni atakapojibu, hata akisema ilikuwa siku ya kawaida tu.