Kabla ya Kumtuma Mlowezi wa Tatu

Mchezaji mgeni wa Civilization huanza kushindwa katika zamu 50 za kwanza, ingawa pigo lenyewe hulisikia baadaye sana, jirani anapovuka mpaka na jeshi lake. Katika toleo la sita la mchezo huu wa mikakati, lililotoka mwaka 2016, unaanza na mlowezi mmoja, shujaa mmoja na ramani ambayo karibu yote imefunikwa. Mlowezi anajenga mji, mji unatoa walowezi wengine, na hapo tamaa inaingia. Wengi wanaamini kwamba kutanuka ni shughuli ya mwanzo na diplomasia itasubiri. Mimi nashikilia kwamba ni shughuli moja, na ushahidi wangu uko hapa Machakos, chini ya vilima vya Iveti.

Tuanze na gharama. Mlowezi wa kwanza unayemtoa mjini anakula pointi 80 za uzalishaji kwa mwendo wa kawaida wa mchezo, na kila anayemfuata anazidi kuwa ghali. Mji unaomtoa unapungukiwa na mkazi. Akijenga kando ya mto au ziwa, mji mpya unaanza na makazi ya watu 5; penye ufuo wa bahari 3; pakavu 2 tu. Tena tangu nyongeza ya mwaka 2018, miji ya jirani iliyo ndani ya vigae 9 inauvuta mji wako kwa wingi wa wakazi wake, na mji uliozidiwa unaweza kukuasi bila mshale hata mmoja kurushwa. Kwa hiyo jirani ana kura katika kila mji unaoujenga, umpende usimpende.

Sasa tuje Machakos. Kampuni ya William Mackinnon, Imperial British East Africa Company, ilipata hati ya kifalme Septemba 1888, na mwaka uliofuata ikaweka kituo hapa. Kwa jicho la mchezaji, mahali palichaguliwa vizuri mno. Vilimani kulikuwa na maji na mashamba, na misafara ya Uganda iliweza kununua chakula kabla ya kuikabili nyika ya Wamaasai. Wala njia haikuwa ya Kampuni. Wakamba, wenyeji wa vilima hivi, walikuwa wakipeleka pembe za ndovu Mombasa miaka mingi kabla yake. Kivoi wa Kitui, aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa misafara hiyo. Katika mchezo, mchuuzi akitoka mji mmoja kwenda mwingine anaacha barabara nyuma yake. Kampuni ilijenga juu ya barabara iliyofunguliwa na miguu ya watu wengine.

Ikaharibu mambo mapema. Watu wa kituo walihitaji mlingoti wa bendera, wakakata mti wa ithembo, mahali ambapo wazee wa Kikamba walitoa sadaka na kuomba mvua. Mwaka 1890 nabii mmoja mwanamke, Syonguu, akawaamuru watu wakisusie kituo. Hebu tulipime agizo hilo kwa hesabu ya mchezaji. Kituo hicho kilikuwa na faida kubwa moja, nayo ni kununua chakula cha misafara. Muuzaji akigoma, bunduki na ukuta havipikiki. Syonguu hakuhitaji jeshi kulenga pale ambapo Kampuni ilimtegemea jirani, na alipalenga sawasawa.

Mchezo wenyewe una kanuni inayofanana na hii. Kila kiongozi ana jambo analolithamini na jambo linalomchukiza, na unaweza kulisoma kabla hujamkosea. Mvemba a Nzinga wa Kongo, kwa mfano, anamkasirikia aliyeanzisha dini na asiipeleke katika miji yake. Ukifungua ukurasa wake siku mnapokutana, utaliona. Wageni hawaufungui. Wanaona kigae chenye rutuba, wanatuma mlowezi, kisha wanashangaa jirani amenuna tangu zamu ya 30.

Lakini kuna mahali ambapo mchezo unatudanganya, na naona ni haki kusema. Unatuonyesha ardhi tupu inayomngoja mlowezi, na kila taifa lina mtu mmoja wa kutia saini mkataba. Iveti haikuwa hivyo. Kila kilima kilikuwa na wenyewe, na Wakamba hawakuwa na mfalme. Mambo yaliamuliwa na wazee, kila utui, yaani kitongoji, na wazee wake. Kampuni iliyozoea kumtafuta chifu mmoja wa kupatana naye ilijikuta imepatana na mtu mmoja huku jirani yake wa bonde la pili hajaulizwa. Ukitaka mfano wa karibu zaidi mchezoni, acha mataifa makubwa na uangalie miji huru, ile isiyo chini ya taifa lolote. Kila mmoja unatembelewa peke yake, na wajumbe uliowapeleka huku hawakusaidii kule.

John Ainsworth, ofisa wa Kampuni, alipokabidhiwa kituo cha Machakos mwaka 1892, uhusiano na majirani ulipata nafuu, biashara ya vyakula ikisaidia. Sitaki kumpaka mafuta. Kwa Wakamba wa Mwala alitumia nguvu pia, na utawala alioujenga ulikuja kuwanyang'anya Wakamba ardhi na uhuru. Ninachokipima hapa ni kitu kimoja tu: kituo kilidumu pale kilipokuwa na soko na majirani. Linganisha na Dagoretti, katika nchi ya Wakikuyu. Oktoba 1890 Frederick Lugard, aliyeitumikia Kampuni, alikula kiapo cha udugu wa damu na kiongozi wa huko, Waiyaki wa Hinga, akajenga ngome, akaendelea na safari ya Uganda. Watu wa Kampuni waliobaki walishindwa kuishi na majirani, na mwaka 1891 ngome ikaachwa, kisha ikateketezwa. Kiapo kilikuwepo. Kilichokosekana ni mwenendo wa kila siku wa kukilinda, kwa maana mkataba mchezoni na nje ya mchezo hautunzwi na aliyeutia saini kisha akaondoka.

Reli ilipofika Nairobi Mei 1899, ilikuwa imepita nyanda za Athi na kuiacha Machakos kando, na mwaka huohuo Ainsworth akahamishia huko makao ya mkoa. Mji wa kawaida wa mchezaji ungekufa hapo. Machakos haikufa, na naamini ni kwa sababu watu wa vilimani walikuwa na haja ya soko hata serikali ilipoondoka.

Basi ukianza mchezo mpya, fanya hivi. Zamu ileile unapomkuta kiongozi mwingine, mpelekee ujumbe wa zawadi. Ni dhahabu 25 tu, na ukichelewa anaweza kuukataa. Mtume skauti mapema, kwa sababu wa kwanza kuufikia mji huru anapewa mjumbe mmoja bure. Ukikutana na Zanzibar, ing'ang'anie: aliye na wajumbe wengi kuliko wenzake, wasiopungua 3, anapata mdalasini na karafuu ambazo hazipatikani kwa njia nyingine yoyote katika mchezo, na miji yake inatulia. Mlowezi wa pili mweke penye maji, kwenye upande ambao jirani hajauelekea. Na mlowezi wa tatu asitoke mjini kabla hujaufungua ukurasa wa kila jirani unayemjua na kusoma anachukia nini.